Magogo ya Uyoga Yanapogoma: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mtu akinieleza kwamba magogo yake hayatoi uyoga, swali langu la kwanza ni hili: leo gogo lina kilo ngapi, na siku ulipolipanda mbegu lilikuwa na kilo ngapi? Wengi hawana jibu, na mara nyingi tatizo liko hapo hapo. Gogo la uyoga ni chombo cha maji. Utando, yaani zile nyuzi nyeupe ambazo ndizo mwili wenyewe wa uyoga, unaishi kwa maji yaliyomo ndani ya mti. Maji yakipungua kupita kiasi utando unasinyaa, hata kama kwa nje gogo linaonekana zima kabisa.

Kuna jambo la pili la kuelewa kabla ya kuanza kutafuta kosa. Kazi hii inakwenda na majira: mti unakatwa ukiwa umelala, yaani kabla ya kuchipua, mbegu (vijiti au vumbi la mbao lenye utando) zinapandwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa drili na kuzibwa kwa nta, gogo linangojewa, linatumbukizwa majini, linavunwa, linapumzishwa. Kosa unaloliona leo huenda lilifanyika miezi sita au minane iliyopita. Kwa hiyo usikimbilie dawa. Rudi nyuma, kumbuka ulichofanya, kisha kagua.

Ninazungumzia zaidi shitake (Lentinula edodes), kwa kuwa ndio uliozoeleka kwenye magogo. Pale uyoga wa mamama (Pleurotus) unapotofautiana nitasema.

Kwanza tenga gogo la mzani

Katika kila fungu la magogo uliyokata pamoja, chagua moja la wastani. Lipigilie kibati chenye namba, lipime siku ya kupanda, andika. Halafu lipime kila mwezi, na wakati wa ukame kila wiki mbili.

Hesabu yake ni rahisi. Mti mbichi huwa na maji kiasi cha asilimia 40 hadi 55 ya uzito wake. Tuseme gogo lako lina kilo 12 na maji ni asilimia 45: kilo 5.4 ni maji, kilo 6.6 ni mti mkavu. Likishuka hadi kilo 10, maji yaliyobaki ni asilimia 34 tu. Hapo umeshafika ukingoni, maana chini ya asilimia 35 utando unaanza kuteseka, na chini ya 30 (kwa gogo hili ni kilo 9.4 hivi) matumaini ni madogo. Mimi singoji kilo 10. Likigusa kilo 10.5, naloweka.

Hesabu hii ni ya mwaka wa kwanza. Baadaye utando unakuwa umekula sehemu ya mti, na gogo jepesi si lazima liwe kavu.

Dalili: mwaka umepita na hakuna kilichochomoza

Chanzo kinachoongoza ni kwamba muda haujafika. Shitake huchukua miezi 6 hadi 18 kulitawala gogo kabla ya kuzaa, kutegemea ugumu wa mti, unene wa gogo, joto la mahali na aina ya mbegu. Mamama kwenye mti laini huwahi zaidi. Gogo nene la mti mgumu lenye miezi 10 halijachelewa, bado liko kazini.

Lakini usikae tu kwa imani. Tazama ncha za gogo. Utando uliofika mwisho huacha mabaka ya mpauko mweupe, mengi yakiwa yamefuata mistari ya matundu uliyotoboa. Kama ncha zimechafuka, kata kisahani chembamba cha sentimita 2 kwa msumeno wa mkono uone mti safi. Kisha bandua nta ya tundu moja. Mbegu hai ni nyeupe au ina ukahawia wa ngozi, imeshikana na mti kiasi kwamba kuitoa ni kazi, na inanukia uyoga mbichi. Mbegu iliyokufa inapukutika kama vumbi, au imegeuka kijani. Ukimaliza kukagua, ziba tundu kwa nta tena.

Nilikuwa na gogo moja nililoliweka upande wa kuni. Miezi 16 bila chochote, gome limekauka, limepauka. Kabla ya kulipasua nikakata kisahani kwenye ncha. Ndani mti ulikuwa umegeuka rangi kutoka ukahawia hadi weupe wa maziwa, laini kidogo nilipoubonyeza kwa ukucha, na harufu yake ilijaa kiganja changu. Nikalitumbukiza kwenye pipa la maji ya baridi usiku kucha, nikalisimamisha chini ya mti wenye kivuli kizito. Siku ya nne gome lilianza kuvimba vivimbe vidogo, kama vipele, na siku ya tisa nikavuna. Tangu hapo sichomi gogo bila kulikata kwanza nione ndani.

Chanzo cha pili ni ukavu. Pima gogo la mzani. Kama hukuwa na gogo la mzani, linyanyue: gogo lililokauka unalihisi mikononi mara moja, na ukiligonga kwa jiwe linalia kwa sauti kali, ya juu. Nyufa ndogo kwenye ncha ni za kawaida. Nyufa zinazoingia ndani na kupanda ubavuni si za kawaida. Loweka kwa saa 24, kisha tafuta kilichokausha, maana ukilirudisha pale pale litakauka tena.

Kwenye msitu wa chakula, yaani shamba la miti na mimea ya chakula iliyopandwa pamoja kama msitu, kikaushi kikubwa ni mabadiliko ya kivuli. Uliweka magogo wakati miti imejaa majani. Majira yamegeuka, majani yamedondoka, na sasa magogo yako juani huku wewe ukiamini yako kivulini. Nenda pale saa sita mchana, katika majira ambayo miti iko uchi, unyooshe kiganja. Shitake inataka kivuli cha asilimia 75 hadi 80, kwa hiyo kwenye kiganja chako vipande vya jua viwe vichache sana kuliko kivuli. Kama jua limejaa mkono mzima, hamishia magogo chini ya miti isiyopukutisha majani, au tanda wavu wa kivuli, au yafunike kwa matawi yenye majani. Kikaushi cha pili ni upepo. Magogo yaliyo kwenye uwazi kati ya mistari ya miti hukauka hata kivulini, kwa hiyo yashushe karibu na ardhi, yakiwa juu ya vipande vya mbao au mawe, upande ambao vichaka vinazuia upepo.

Chanzo cha tatu ni aina ya mbegu kutolingana na majira. Mbegu za shitake ziko makundi matatu: za joto, za baridi, na zile za kati zinazovumilia mapana. Za joto na za kati huamshwa kwa kulowekwa. Za baridi hungoja baridi yenyewe, na ukiziloweka wakati wa joto unajichosha bure. Soma maandishi ya kifungashio cha mbegu. Kama hukuyahifadhi, subiri mzunguko mzima wa majira kabla ya kuhukumu.

Chanzo cha nne ni mbegu mbovu: zilikaa sana, zilipata joto njiani, au ziliachwa juani siku ya kazi wakati watu wanatoboa. Ukigundua ndani ya wiki chache baada ya kupanda, toboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani upande mbegu nyingine. Ukigundua baada ya mwaka, usipoteze mbegu kwenye gogo hilo, kwa sababu limeshapata wapangaji wengine.

Chanzo cha mwisho, ambacho hakina tiba, ni mti wenyewe. Msonobari, mwerezi na miti mingine yenye utomvu wa lami haifai kwa shitake. Mti uliokufa wenyewe ukakutwa umeanguka nao haufai, kwani tayari una kuvu wake. Mwaloni ni mzuri sana. Mkaratusi hutumika pia. Mamama yenyewe hupenda miti laini kama mpopla. Vyovyote iwavyo, mti uwe ulikatwa hai na mzima, unene wa sentimita 10 hadi 20, na ukapandwa ndani ya wiki chache. Magogo yaliyongoja mbegu miezi mitatu ndiyo hayo unayoyaona leo yamejaa vitu usivyovipanda.

Dalili: rangi na kuvu nyingine kwenye gogo

Nianze na jambo linalowatia watu hofu bila sababu. Weupe kama pamba kwenye ncha za gogo miezi michache baada ya kupanda mara nyingi ni utando wako mwenyewe umetokeza. Nimeona watu wakiusugua kwa brashi na sabuni. Uache. Harufu itakuambia: utando wako unanukia uyoga, kuvu mbaya hunuka uvundo au uchachu.

Kijani cha unga ni kuvu aina ya trikoderma, na chanzo chake kikuu ni unyevu uliozidi pamoja na hewa kukwama. Kikiwa juu juu kwenye ncha au kwenye gome, si msiba. Tawanya magogo, acha nafasi ya ngumi kati ya moja na jingine, fyeka majani yanayoyabana, na usiyamwagie maji kwa wiki mbili. Kikiwa ndani ya matundu yenyewe, bandua nta ya matundu matano au sita. Kama mengi ni kijani, gogo hilo limekwenda. Liondoe mahali pa magogo mengine.

Magamba meusi magumu kama mkaa yaliyotapakaa kwenye gome, au vijiuyoga vya kijivu na nyeupe vyenye umbo la upepeo na mistari iliyopasuka kwa chini (Schizophyllum commune), vinasema jambo moja: gogo limepigwa na jua. Rudi kwenye kipimo cha kiganja.

Vibati vyembamba vilivyopangana kama vigae, vyenye mizunguko ya rangi kwa juu na vitundu vidogo vyeupe kwa chini, ni kuvu aina ya Trametes versicolor au ndugu zake. Hawa ni wapinzani wa kweli, kwa kuwa wanakula mti ule ule kwa njia ile ile. Kata kisahani kwenye ncha. Mistari myembamba myeusi ndani ya mti ni mipaka ya vita, kila kuvu imejijengea ukuta. Kama eneo lako ni zaidi ya nusu, endelea nalo, litazaa kwa sehemu yake. Kama wageni wamechukua sehemu kubwa, lipeleke likawe ukingo wa tuta upande wa mbali.

Usipulizie klorini wala dawa ya kuua kuvu. Dawa haichagui. Itaua utando wako pia, na chochote kitakachobaki utakila.

Kuna mtu ataniuliza: basi niondoe mbao zote zinazooza msituni? Hapana. Kuoza ndiko kunakolisha udongo wa msitu wa chakula. Wewe tenga tu mahali pa kulelea magogo machanga, mita kadhaa kutoka kwenye rundo la magogo ya zamani, na usiyaweke moja kwa moja juu ya udongo.

Dalili: nta inabanduka, mbegu zinatoka

Mara nyingi nta ilipakwa ikiwa imepoa mno. Nta ya moto inaingia kwenye vinyweleo vya gome na kung'aa kama maji. Iliyopoa inakaa juu kama kofia nyeupe, na mabadiliko ya kwanza ya joto na baridi yanaidondosha. Inawezekana pia gome lilikuwa limelowa. Paka tena siku kavu. Kama vijiti vya mbegu vyenyewe vinachomoka, angalia biti ya drili: vijiti huingia kwenye tundu la milimita 8 au 8.5, wakati mbegu za vumbi la mbao zinataka milimita 12. Ndege na panya nao huchokonoa. Ukiona alama za meno au midomo, funika kwa wavu hadi utando ushike.

SIMAMA HAPA: nta inayotoa moshi iko karibu kuwaka. Iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, au kwenye jiko la umeme lenye kirekebisha joto, na usiondoke. Ikishika moto, zima chanzo cha joto, funika kwa kifuniko cha chuma. Usimwage maji kamwe, kwa sababu maji yakigusa nta inayowaka yanalipuka na kutupa moto juu. Moto ukizidi kifuniko, toka na uite zimamoto. Na drili ya umeme haiendi kwenye magogo yanayochuruzika maji wala kwenye waya uliochubuka. Mwite fundi umeme kwanza.

Dalili: gome linabanduka

Uliza mti ulikatwa lini. Ukikatwa wakati machipukizi yanafunguka na maji yanapanda, gome halishiki. Ukikatwa umelala, kabla ya kuchipua, gome linabana na sukari imejaa ndani ya mti. Hili ndilo kosa la majira linalogharimu kuliko yote, kwa sababu gome ni ngozi ya gogo: linazuia maji yasitoke na wageni wasiingie. Chanzo kinachofuata ni kuburuta na kutupa magogo. Mwisho ni uzee, na huo hauna lawama.

Kipande kilichobanduka hakirudishwi. Geuza upande ulio uchi uangalie chini, penye unyevu, na uloweke gogo hilo mara nyingi kidogo kuliko mengine. Kama gome limebanduka zaidi ya nusu gogo likiwa bado changa, nalihesabu limepotea.

Dalili: uyoga umeota lakini umbo lake si zuri

Kofia iliyopasuka nyufa nyeupe: hewa ilikuwa kavu na baridi wakati wa kukua. Kwa shitake hilo si kasoro, uyoga wa namna hiyo ni mnene na watu huutafuta. Vichipukizi vilivyokauka vikiwa kama vichwa vya kiberiti: upepo. Funika gogo kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa tangu siku ya kuloweka hadi vichipukizi vifike ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Shina refu na kofia ndogo: giza na hewa iliyokwama, hasa kwa mamama, kwa hiyo sogeza penye mwanga zaidi. Kofia ya kahawia iliyolegea kama sponji: mvua. Vuna kabla ya mvua kubwa, kingo za kofia zikiwa bado zimekunjika kwa ndani.

Dalili: unakuta umeliwa

Nenda usiku na tochi. Mchana utabahatisha, usiku utamkuta mlaji mezani. Mara nyingi ni koa na konokono. Waokote kwa mkono siku zile chache za kuchomoza, simamisha magogo wima au yaegemeze badala ya kuyalaza, na tandaza kokoto au majivu makavu kuzunguka pale. Bata wanawapenda sana koa, na kwenye msitu wa chakula ni wasaidizi wazuri, ila wafungie wakati uyoga wenyewe unachomoza. Chambo cha fosfeti ya chuma kinafaa kwa wasiotaka sumu kali.

Vijidudu vyeusi na mbawakawa wadogo ndani ya mikunjo ya chini ya kofia ni dalili kwamba unachelewa kuvuna. Vuna mapema kwa siku moja utaona tofauti.

Mchwa ni shida nyingine. Ukiona vijia vya udongo vinapanda kwenye gogo, vibomoe, inua magogo juu ya mawe au vyuma, kagua kila wiki. Usipake dawa ya mchwa kwenye gogo la chakula. Kama kichuguu kiko karibu na nyumba yako, hiyo si kazi ya mkulima wa uyoga tena. Mwite mtaalamu wa kudhibiti wadudu, umwonyeshe magogo yalipo kabla hajafungua chupa.

Uyoga uliopitiwa na koa uoshe na uupike uive kabisa. Koa na konokono wanaweza kubeba minyoo inayofika hadi kwenye ubongo wa mtu.

Dalili: yalizaa vizuri, kisha yakaacha

Karibu kila mara yamechoshwa. Baada ya mkupuo mmoja wa mavuno, gogo linahitaji wiki 6 hadi 8 za kupumzika ili utando ule mti na kujaza tena akiba. Mwenye tamaa analoweka kila wiki tatu, anapata mkupuo mmoja mdogo, kisha kimya. Ukiyaloweka mara mbili au tatu kwa mwaka umeyatendea haki.

Kagua pia jinsi unavyoloweka. Saa 12 hadi 24 zinatosha. Ukipitisha saa 48 unauzamisha utando, nao unahitaji hewa kama wewe. Maji yawe baridi kuliko gogo, kwa kuwa mshtuko wa baridi ndio unaoliamsha. Pipa lililokaa juani mchana kutwa haliamshi kitu.

Halafu kuna umri. Makadirio ya wakulima ni mwaka mmoja wa mavuno kwa kila sentimita 2.5 za unene. Gogo la sentimita 10 lililozaa kwa miaka minne limemaliza kazi. Bonyeza kwa kidole gumba: kama mti unaachia kama keki, lipeleke chini ya mti wa matunda likawe udongo.

Dalili: umeota uyoga usioufahamu

Hapa naomba usome polepole.

Kupanda shitake kwenye gogo hakumaanishi kila kinachoota juu yake ni shitake. Uyoga uitwao Galerina marginata huota kwenye mbao zinazooza, ni mdogo, wa kahawia, na una amatoksini, sumu ile ile ya uyoga unaoua watu wengi duniani. Mtu huweza kula na asione kitu kwa saa 6 hadi 24. Kisha anatapika na kuharisha, anapata nafuu inayomdanganya, na wakati huo ini linaharibika. Kuupika hakuondoi sumu hiyo.

Ukaguzi wa kwanza ni wa macho: shitake ina kofia ya kahawia yenye vipande vyeupe kama pamba ukingoni ikiwa changa, na mikunjo myeupe kwa chini. Wa pili ni alama ya vumbi. Kata kofia, ilaze kwenye karatasi, nusu iwe nyeusi na nusu nyeupe, funika kwa bakuli usiku mmoja. Shitake huacha vumbi jeupe. Galerina huacha vumbi la rangi ya kutu. Vumbi la kutu likionekana, tupa uyoga wote wa gogo hilo. Lakini vumbi jeupe peke yake si ruhusa ya kula, maana uyoga wenye sumu wenye vumbi jeupe nao upo.

SIMAMA HAPA: ukiwa na shaka hata kidogo, usile, usionje, usimpe mtu. Upeleke kwa mtaalamu wa uyoga ukiwa mzima na shina lake. Na kama mtu ameshakula, usingoje dalili. Mkimbize hospitali mara moja pamoja na kipande cha uyoga alichokula, au hata mabaki ya chakula chenyewe, umweleze daktari saa aliyokula. Nafuu ya siku ya pili isikurudishe nyumbani.

Dalili: tatizo liko kwako, si kwenye gogo

Kikohozi, homa na kifua kubana saa chache baada ya kuvuna, hasa mamama iliyokomaa inayomwaga vumbi jeupe kwenye banda au chumba cha kukaushia: mapafu yanalikataa vumbi hilo. Vuna mapema, fungua hewa, vaa barakoa inayobana. Ikijirudia mara ya pili, acha kazi hiyo umwone daktari, kwa sababu hali hii ikiendelea huacha makovu kwenye mapafu.

Michirizi myekundu mwilini kama mtu aliyechapwa fimbo, siku moja au mbili baada ya kula shitake, hutokana na kuila mbichi au nusu mbichi. Kwa kawaida huisha yenyewe. Ipike hadi iive vizuri. Ukivimba midomo au kupumua kwa shida, hiyo ni dharura ya hospitali.

Kabla hujakata magogo ya msimu ujao

Makosa mengi niliyoyataja huanzia siku ya kukata mti, na hata majeraha makubwa hutokea siku hiyo. Matawi ya unene wa mkono, na miti midogo iliyosimama wima penye uwazi, mkulima aliyezoea msumeno anaimudu akiwa na kofia ngumu, miwani, na mtu wa pili wa kusaidia. Mti ulioinama, mti wenye matawi makavu juu, ulio karibu na nyaya za umeme au nyumba, au uliokatwa ukanasa kwenye mti mwingine usiuguse: mwite mkataji mwenye uzoefu. Mwambie mapema kwamba unataka magogo ya mita moja, gome lisichubuliwe, na mti ukatwe kabla machipukizi hayajafunguka. Siku anapokuja, uwe na mzani mkononi.